Mtani wa Ng'ambo ya Barabara

Kaseti ya gemu ikigoma unaichomoa, unaisogeza mdomoni upande wenye meno ya shaba, unapuliza, unairudisha. Hakuna kitabu kilichofundisha hivyo. Kila aliyewahi kuwa na mashine ile aligundua mwenyewe na kudhani ni siri yake peke yake. Baba yangu alipuliza kwa dhati, macho kayafumba, mashavu yamemjaa kama mtu anayehangaika na mkaa uliolowa. Akiirudisha kaseti, picha ikatokea, watoto wakashangilia, naye akajipangusa midomo kwa leso. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililomponza.

Tulikuwa Kilosa, miaka ya mwisho ya tisini. Soko huria lilikuwa limeshatufikia kwa namna mbili: mitumba ilipanda kutoka Dar es Salaam, na ajira zikashuka. Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli tangu ujana wake. Siku moja wakaitwa, wakaambiwa watu wanapunguzwa, wakashukuriwa, wakapewa kiinua mgongo. Mama alitaka kiinua mgongo kile kinunue mashine ya kusaga. Baba akaenda Dar kuitafuta, akarudi na mashine ya kuchezea na televisheni iliyokwishatumika. Mama alilia siku ile, na sikumlaumu, wala simlaumu leo.

Lakini baba alikuwa na mawazo yake. Alisema kusaga kila mtu atasaga, ila gemu haijafika barabara yetu. Tena alijua anachouza. Hakuwa na shamba la maana wala ukoo mkubwa pale. Babu yangu aliletwa na reli kutoka Tabora, akafia Kilosa akiwa kibarua wa njia. Alichokuwa nacho baba ni jina. Alijulikana kwa watu kuwa fundi asiyelewa, asiyeiba hata skrubu, mtu ambaye ungemwachia mtoto na ufunguo wa nyumba ukaenda safari. Chumba cha gemu kiliishi kwa jina hilo, na sisi wote tuliishi kwa chumba cha gemu. Jina likiondoka, tumekwisha. Hilo nililijua hata mimi niliyekuwa darasa la sita.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia saa. Muda wa mchezaji ukiisha nilimnyang'anya pedi ya kuchezea, awe mtoto wa nani sijui. Nilikuwa na mdomo, na baba aliniweka pale kwa ajili ya mdomo huo.

Hatukumaliza hata msimu mmoja tukiwa peke yetu. Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na mlango wetu, akafungua mwingine. Alikuwa karani wa shamba la mkonge ambalo nalo lilikuwa limeuzwa, akapunguzwa kama baba. Alikwenda Dar kama baba, akarudi na mashine kama baba, ila ya kampuni nyingine. Ya kwetu ilikula kaseti. Ya kwake ilikula sahani, zile CD zinazong'aa. Na mtu huyu alikuwa mtani wetu.

Yeye Msagara, sisi Wanyamwezi. Wazee walisema utani wetu ulianza enzi za misafara, wapagazi kutoka Unyamwezi walipokatiza nchi ya Wasagara kwenda pwani, wakafia njiani, wenyeji wakawazika. Siwezi kuthibitisha. Ninachojua ni sheria zake, maana tulizaliwa ndani yake. Mtani atakutukana mbele za watu, atachukua kuku wako, atakuita mwizi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha. Ukikana ndiyo umeharibu kabisa. Dawa ya neno la mtani ni kulikubali, kisha kumrudishia kubwa zaidi. Na siku ukifa, huyohuyo ndiye anayekuja kuchimba kaburi, kuiga ulivyokuwa ukitembea, na kuwachekesha wafiwa mpaka wapate kula. Watu wazima wote wa barabara ile niliwapa shikamoo bila kumruka hata mmoja. Yeye nilipompa alisema, "Shikamoo ya nini, mtumwa wangu? Kaniletee maji." Nami nilikuwa na haki ya kumjibu akanywe mtoni Mkondoa na punda wenzake, na nilimjibu hivyo mara nyingi kwa raha zangu zote.

Mashine zile zilikuja na maboksi yake, na ndani ya maboksi mlikuwa na karatasi za matangazo, nzito, za rangi. Baba alizisoma zote. Kiingereza chake kilikuwa cha karakana lakini kilitosha. Karatasi ya kwetu ilionyesha familia imekaa kwenye zulia, baba, mama, watoto, hadi bibi, wote meno nje. Mtani naye alileta ya kwake tuione. Ilikuwa nyeusi tupu, na katikati kijana kavaa miwani ya jua, hacheki na mtu. Maneno yake, kama baba alivyotutafsiria, yalikuwa ya vijembe. Hawa wa kwetu walisema mashine ya wale ni kelele na ubabe tu, haina furaha. Wale walisema mashine ya hawa ni ya watoto, aliyeota ndevu aachane nayo.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe hata ng'ambo wapo," alisema. "Hizi kampuni ni watani."

Mama alikuwa anapeta mchele kwenye ungo. Akauliza bila kuinua macho, "Na mmoja akifa, mwenzake atamzika?"

"Lazima amzike," baba akasema.

Wakaamua, baba na mtani wake, kuzichorisha karatasi zile ukutani. Mchoraji alikuwa mmoja, yuleyule aliyechora ng'ombe kwenye bucha na vichwa vya watu kwenye saluni zote za Kilosa. Kwetu alichora familia kwenye zulia. Bibi alimtoa vizuri, ila alimshikisha pedi kama ameshika mwiko. Kwa mtani alichora kijana wa miwani, akamwekea cheni shingoni ambayo kwenye karatasi haikuwepo. Mji ukajigawa wenyewe bila kusukumwa. Wazazi wanaojiheshimu walileta watoto kwetu, maana kwetu palikuwa pa familia. Vijana wa kijiweni, waliotaka kuonekana wamefika mjini, walikwenda kwa mtani kupiga magari na bunduki. Kuna kaka mmoja wa kwaya aliyekuwa akicheza kwetu mchana, jioni anavuka kwa kujificha kwenda kule, na wote tulijua.

Kila alasiri baba na mtani waliweka viti mlangoni, mmoja huku, mwingine kule, wakaanza.

"Mtani, mashine yako ya bibi imeamka?"

"Imeamka na imekunywa chai. Ya kwako vipi, bado imelala kifudifudi?"

Hapo wote walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mashine ya sahani ikichoka jicho lake la ndani haisomi mpaka uigeuze, tumbo juu, icheze hivyo. Baba alisema huyo kijana wa miwani hacheki kwa sababu mashine yake inalala njiani kama mlevi. Mtani alisema heri inayolala kuliko inayobusiwa. Wateja walikuja kucheza gemu na kusikiliza vijembe, na nadhani wengine walikuja kwa vijembe tu.

Neno lenyewe lililomponza baba lilisemwa siku ya gulio, barabara imejaa watu. Kaseti iligoma, baba akatoka nayo mlangoni kwenye mwanga, akaiweka mdomoni na kuanza kupuliza. Mtani akasimama juu ya kiti chake.

"Tazameni, jamani, Mnyamwezi anafyonza! Kutwa nzima mashine inawanyonya watoto damu, jioni naye anaweka mdomo anainyonya mashine. Ndiyo maana hazeeki."

Barabara nzima ikaangua kicheko. Baba akamaliza kupuliza, akajipangusa kwa leso, akajibu kama sheria inavyotaka. "Kweli tupu. Na ya kwako nilishaionja, mtani. Chungu. Damu ya Wasagara haina sukari."

Waliojua walishika mbavu. Lakini gulio lilikuwa na watu wa kila namna, wachuuzi wa kutoka Dar na Morogoro, wakata miwa waliotoka Kidodi na mishahara yao, na wafugaji waliohamia Mvumi na ng'ombe zao miaka ile. Hao hawakujua nani ni mtani wa nani. Walichoona ni mtu mzima anamtuhumu mwenzake kunyonya damu za watoto, na mwenzake anakubali. Na hilo si neno la kuchezea. Mumiani, watu wanaokamata wenzao na kuwatoa damu ikauzwe, wamesimuliwa kwetu tangu ukoloni, na kila kizazi kinapata wa kwake. Nilimwona mwanamke mmoja aliyekuwa anacheka akaacha ghafla na kumshika mwanawe mkono.

Mtani akipata neno linalochekesha haliachi. Alilirudia wiki ile, akalirudia mwezi ule. Baba alilikubali kila mara, na kila mara alilinogesha.

Likizo ya shule ikafika. Siku moja ya gulio, mama mmoja wa familia zile za Mvumi alikuja na mwanawe, akamwacha kwetu aende kuuza maziwa yake ya mgando. Alimwambia baba, "Nimeambiwa hapa ndipo pa familia." Baba akampa mtoto nafasi ya mbele. Mimi nikaangalia saa.

Hakucheza muda mrefu. Mwili ulikakamaa, pedi ikamtoka, akaanguka kwenye mkeka na kuanza kutupatupa miguu. Povu likamtoka. Wenzake walitawanyika kama kuku walioona mwewe, maana Kilosa nzima iliamini kwamba povu la kifafa likikugusa nawe umelipata. Mtu akianguka kifafa watu husimama mbali wakitazama, hata ndugu zake. Baba hakusimama mbali. Karakana iliwahi kumfunza huduma ya kwanza. Alisogeza televisheni, akapiga magoti, akamgeuza mtoto ubavu, akamwekea mkono chini ya kichwa. Mtoto alikuwa amejing'ata ulimi. Baba akatoa leso yake, ileile ya kaseti, akamfuta mdomo, akafuta tena, mpaka leso ikawa nyekundu. Nilikuwa nimesimama pale pale na saa mkononi. Sijawahi kumpenda baba yangu kama dakika ile.

Mtoto alipotulia, baba akatoka mlangoni kuomba maji. Watoto waliokimbia walikuwa wameshapiga kelele barabara nzima, na watu walikuwa wamejaa. Wakamwona ametoka ameshika leso ya damu.

Nani alisema neno "mumiani" kwanza, sijui hadi leo. Lilisemwa nyuma ya watu, kwa sauti ya kawaida tu, kisha likapita kutoka mdomo hadi mdomo. Mwanamume mmoja, mgeni, mwenye panga la kukatia miwa, akasogea mbele na kuuliza, "Mzee, wanasema unanyonya watoto. Kweli si kweli?"

Baba angesema si kweli. Mtu wa mahali pengine popote angesema si kweli, akaonyesha mtoto, akaeleza ugonjwa. Lakini neno lile lilikuwa la mtani wake, na neno la mtani halikanwi. Nadhani pia alidhani likirudi kuwa kicheko, watu wataliacha. Akacheka. Akanyoosha mkono wenye leso kuelekea ng'ambo ya barabara.

"Ndiyo, mimi ndiye mumiani wa Unyamwezi. Mwulizeni mtani wangu."

Watu wote wakageuka. Mtani alikuwa amesimama mlangoni kwake, chini ya kijana wa miwani. Ilikuwa zamu yake. Alihitajika kusema jambo dogo sana, kwamba ule ni utani wetu, jamani, au hata tusi jingine, tusi lolote, mradi watu wacheke. Nyuma yake, ndani, niliwaona watoto waliokimbia kwetu wamejazana mbele ya mashine yake. Alifungua mdomo. Akatutazama, akalitazama lile panga. Akarudi ndani akafunga mlango. Sikuwahi kuuona mlango ule umefungwa mchana.

Basi hapakuwa na aliyecheka. Jiwe la kwanza lilimpiga bibi wa ukutani. Sitaeleza yote. Televisheni ilivunjwa, mashine ikabebwa, mkeka ukachanwa. Baba walimwangusha chini, na kwa kuwa mikono ndiyo iliyoshika leso, wakamkanyaga mikono. Mama alilala juu yake, ndipo wakapunguza. Mgambo walifika wakati umati umeshachoka wenyewe.

Katikati ya ghasia zile mtoto aliamka. Nilikuwa nimemvuta chini ya meza. Akakaa, akajipapasa mdomo, akauliza, "Muda wangu umeisha?" Nikamwambia umeisha.

Mama yake alikuja akikimbia, maziwa yamemwagika kwenye nguo. Alisema kwa sauti, analia, kwamba mwanawe ana ugonjwa ule tangu hajaanza shule. Walimsikia waliokuwa karibu. Wengine walikuwa wameiona leso, na aliyeona leso hakuhitaji kusikia.

Baada ya hapo hakuna aliyemshitaki baba, wala hakuna aliyemwomba radhi. Watu walibadilisha upande wa kupita, basi. Mikono yake ilipona vibaya; vidole viwili vya kulia havikukunjika tena. Na kabla bandeji haijatoka, tulimwona mchoraji ng'ambo ya barabara na makopo yake ya rangi. Alimfuta kijana wa miwani. Mahali pake alichora familia kwenye zulia, baba, mama, watoto na bibi, na bibi safari hii alishika pedi sawasawa. Chini akaandika kwa herufi kubwa: GEMU SALAMA KWA WATOTO. Wazazi wanaojiheshimu wakaanza kuvusha watoto wao kule. Baba aliutazama ukuta ule siku nzima akiwa kwenye kiti chake. Jioni alimwambia mama tuhame.

Tulihamia Mikumi, kwa kaka yake mama aliyekuwa na nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Malori yalipumzika pale usiku kucha, na asubuhi watalii walipita kwenda hifadhini wakiwa wamefunga vioo. Baba alipewa kazi ya kufagia ua. Alifagia kwa mkono wa kushoto. Kisha mjomba naye akasikia kwamba gemu inaleta wateja, akanunua mashine kwa ajili ya madereva, na kwa kuwa hakujua historia, au aliijua akaona si kitu, akanunua ileile ya sahani. Akamwambia baba, "Shemeji, wewe mzoefu, utaisimamia."

Baba akaisimamia. Nilikuwepo siku ya kwanza ilipogoma kusoma. Madereva walilalamika. Baba akaisogelea, akasita, akaigeuza kifudifudi kwa kiganja, taratibu. Ikasoma. Kama kungekuwa na mtani pale baba angempa la kusema mwaka mzima, lakini Mikumi hakukuwa na mtani.

Alibadilika kwa namna ambayo mimi niliichukia. Watoto hakuwaruhusu kukanyaga chumba kile. Dereva akipaliwa na soda, baba alirudi nyuma na kuficha mikono mgongoni. Na sisi wenyewe aliacha kutugusa. Niliugua malaria kali mwaka ule, nikawa natapika, na baba alisimama mlangoni usiku kucha akimwelekeza mama la kufanya, mweke hivi, mfute pale. Hakuingia. Nilikuwa na hasira naye kuliko nilivyokuwa na homa. Mtu aliyemfuta mdomo mtoto wa watu alishindwa kunifuta mimi.

Mvua za mwaka uliofuata, utingo wa basi la Kilosa alituletea habari. Yule mtoto wa Mvumi alikuwa amekwenda mtoni na wenzake, kifafa kikamshika maji yakiwa ya magotini tu. Wenzake wakaona povu, wakakimbia. Mji ulisema nini? Mji ulisema mashine ilikuwa imeshammaliza tangu siku ile, Mkondoa umechukua makapi. Utingo alisimulia hayo akihesabu chenji, hakujua anamsimulia nani.

Baba aliacha kufagia. "Angegeuzwa ubavu tu," alisema. Alilisema tena wakati wa chakula, halafu siku zilizofuata alilisema peke yake uani, kwa sauti ya chini, na hatukupata neno jingine la maana kutoka kwake. Kifua kilimwanza wakati wa baridi. Hospitali walitoa dawa, akazimeza, hazikufua dafu. Alikufa kabla baridi haijaisha.

Kuhusu kampuni zile mbili, nilikuja kusoma habari zao nikiwa mtu mzima. Ile ya kaseti ilishindwa duru ile. Vijana wote wa dunia walimfuata yule wa miwani. Ikaweka hasara yake pembeni, ikatengeneza mashine nyingine, yenye sahani, ikarudi sokoni inatabasamu vilevile. Zinaendelea kupigana vijembe hadi leo na kubadilishana nyuso zikiona inafaa. Hakuna iliyomzika mwenzake, na hakuna iliyohitaji kuzikwa. Baba alikosea pale tu. Aliona matusi akadhani na jembe la kuchimbia kaburi lipo nyuma yake.

Ilibidi azikwe Kilosa, kando ya babu. Kabla hata hatujapata gari, mama alimtuma mtu kwa mtani. Nikamwuliza kama amerukwa na akili.

"Mtani ndiye anayechimba," alisema.

"Mama, huyu ndiye aliyemuua."

"Nimesema ndiye anayechimba."

Tukambeba kwa pikapu, vumbi la barabara ya Mikumi hadi Kilosa likatuganda wote rangi moja. Njia nzima nilikuwa na hofu moja: kwamba hatutakuta mtu. Nani angemchimbia kaburi mumiani? Niliona tayari mama akishika jembe. Lakini tulipofika makaburini watu walikuwepo, wengi kuliko nilivyotarajia, wamesimama mbalimbali, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mtani alikuwa ndani yake, amekaa kitako chini kabisa, udongo hadi kichwani.

Katekista alimwomba atoke. Akasema hatoki. Hiyo ni desturi, mtani hukaa kaburini hadi apewe kitu, na watu wakajua kwamba mambo yameanza. Alikuwa amezeeka. Akainua uso, akalitazama jeneza likiwa ukingoni.

"Mmeniletea nini hapa?" alisema kwa sauti ileile ya kwenye kiti. "Mnyamwezi huyu? Mnyonya damu huyu? Mfungeni mdomo kwanza, nisije nikaamka kesho mchwa wote wa Kilosa wamekauka."

Mzee mmoja wa reli akacheka. Akafuata mwingine. Kicheko kikazunguka makaburi, hata waliosimama mbali wakasogea, na mtani akaendelea, akaweka kiganja mdomoni, akajaza mashavu, akafumba macho, akapuliza kaseti. Alikuwa baba kabisa. Mama yangu alicheka mpaka akashikwa na wenzake, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Neno lile lilikuwa limerudi kuwa utani. Kila mtu pale alilisikia sasa kama lilivyokuwa tangu mwanzo, na lilichukua pumzi moja tu kulirudisha. Pumzi hiyo angeweza kuitoa siku ile mlangoni kwake.

Alipuliza mara nyingine. Halafu hakufumbua macho. Akajilaza kifudifudi mle kaburini, uso kwenye udongo, mabega yakatikisika, na watu wakaendelea kucheka kidogo wakidhani anaiga mashine yake, mpaka ilipoeleweka kwamba haigi kitu. Wanaume wawili wakashuka kumtoa. Walimketisha ukingoni. Alikuwa analia bila sauti, kamasi na machozi vimechanganyika na udongo mdomoni, na kila mtu akatazama pembeni, kama walivyotazama pembeni watu wa mji ule siku zote.

Mama akatoka kati ya wanawake. Hakumpa sarafu ya desturi. Alichuchumaa mbele yake, akashika pindo la kanga yake, akamfuta mdomo, akafuta tena, hadi udongo ukatoka.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na kanga niliyojifunga ilikuwa safi. Ningekuwa mimi, ningemwacha hivyohivyo.